Chakula cha Saa Saba

Nyumbani kwa mdogo wangu
3 Februari

Mkwe wangu Sindano,

Nimefika salama. Mdogo wangu nimemkuta kitandani, mguu umefungwa plasta kuanzia kifundo hadi pajani, lakini ulimi mzima kabisa. Kabla sijaweka mkoba chini alikuwa ameshanituma maji, mto na miwani yake. Daktari amesema wiki nane. Kwa hiyo mimi nitakuwa huku mpaka mwezi wa nne, na wewe utakuwa huko na kuku wangu. Mungu awasaidie, wewe na wao.

Nakuandikia barua kwa sababu simu na sikio langu havipatani. Ukinipigia nasikia mluzi tu. Dereva wa lori la simiti anapita huku kila wiki. Barua zako mpe yeye, hana udadisi.

Sasa nisikilize vizuri, maana wewe ukishika cherehani hata nyumba ikiungua huinui kichwa. Maji yabadilishe asubuhi na jioni, na vyombo uvioshe kwanza. Maturubai ya banda yapandishe yote, pande zote nne, kabla ya saa tatu asubuhi. Mayai okota mara mbili. Chakula wape saa saba mchana, ujaze vyombo mpaka juu. Saa saba, si saa nane eti kwa sababu kuna mtu amekuja kujaribu gauni. Zamani nilipokuwa nafua mashuka ya hospitali nilikuwa natoka saa sita na nusu, nafika nyumbani, nakula, na wao wanakula. Tangu hapo kuku wangu wanakula ninapokula mimi, na sijasikia malalamiko.

La mwisho ni zito kidogo. Miaka kumi na tisa iliyopita, msimu kama huu, nilipoteza kuku mia mbili na kumi kwa mchana mmoja. Banda nilikuwa nimemwachia mumeo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimwambia apandishe maturubai yote, akapandisha mawili, akaacha mawili, akaenda kucheza mpira. Joto likawamaliza. Ndiyo sababu hawa sikumwachia yeye, nimekuachia wewe. Usimtajie kwamba nimekuandikia hivi. Yeye anajua, mimi najua, na hatuliongelei.

Hao mia tatu na ishirini ndio kitu pekee ambacho nikiamka asubuhi nakiita changu. Wakifa, sina nguvu ya kuanza upya. Nitakuwa bibi wa kukaa kwenye kiti kusubiri kuulizwa kama nimekula. Nisaidie nisifike huko.

Mama


Nyumbani
8 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako imefika, na mume wangu anakusalimu. Mpe pole mama mdogo. Mwambie nitamshonea sketi pana ya kuvaa na hiyo plasta, anitumie tu kipimo cha kiuno na asidanganye.

Kuku wote wazima. Maturubai napandisha yote, maji nabadilisha, na saa saba nakuwa bandani na debe langu hata kama kuna mteja. Juzi mteja mmoja nilimwacha amesimama na mkono mmoja ndani ya blauzi na mwingine nje. Aliponiona narudi na pumba kichwani alicheka mpaka pini zikamchoma.

Mume wangu banda halisogelei. Anazunguka uani mbali utadhani kuna mbwa mkali. Wiki iliyopita nilimwomba anibebee gunia la pumba. Alilifikisha mlangoni, akaliweka chini, akarudi kwenye karakana yake ya kuchomelea. Nikamtania kwamba mwanamume mzima anakimbia harufu. Hakucheka. Sasa nimesoma barua yako nimejua sababu, na ule utani wangu umeniwasha uso.

Usiwe na wasiwasi, Mama. Huku kuko shwari.

Mkweo,
Sindano


8 Februari

Kwa Afisa Mifugo,

Nimekuja ofisini kwako mara tatu na kufuli linanijua sasa. Naipitisha barua hii chini ya mlango. Mimi ni fundi wa kushona, nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha sosi ya nyanya, nyumba yenye karakana ya kuchomelea mageti mbele.

Nina kuku wa mayai ambao si wangu, ni wa mama mkwe wangu. Kwa siku mbili wamekufa kumi na mmoja. Waliobaki wanahema midomo wazi na mabawa wameyaachia, na wengine wanaharisha. Nimefuata maagizo yote niliyopewa bila kuruka hata moja. Chakula nawajazia saa saba mchana, vyombo mpaka juu.

Ila kuna jambo moja nimefanya kwa kichwa changu. Kiwanda cha sosi kinatupa maganda na mbegu za nyanya zilizokamuliwa, lundo zima kila siku. Niliona ndege wa mtaani wanayagombania. Nikachukua ndoo mbili nikawapa kuku wangu, nikidhani yatawapoza. Waliyapenda sana. Siku ya pili yake ndipo wakaanza kufa. Naogopa nimewaua kwa mkono wangu. Mama mkwe nimemwandikia leo hii kwamba wote wazima. Kabla ya hapo sijawahi kumdanganya hata kwa kipande cha sabuni, na barua imeshapanda lori.

Tafadhali njoo. Nikiwa sipo, mume wangu yupo.

Fundi cherehani


9 Februari

Kwako Fundi,

Nimefika ukiwa umekwenda kupeleka nguo. Mumeo alinionyesha banda kwa kidole akiwa amesimama mbali, sijawahi kuona mwenyeji wa namna hiyo. Nimewapasua watatu uliowafunika na karai. Nakuachia maelezo haya kwenye meza ya cherehani.

Nyanya haikuua kuku. Vifuko vyao vya shingoni vimejaa pumba na mahindi, vimejaa mpaka vinang'aa. Nyanya ni kidogo sana. Kuku hana jasho. Akipata joto anahema, basi, hana njia nyingine. Na akila, chakula kikianza kusagika mwilini kinatoa joto lake, tena kwa saa kadhaa. Unawajaza saa saba, jua linawapiga kutoka nje, chakula kinawapiga kutoka ndani. Hukuniandikia wanaanguka saa ngapi lakini nitakuambia: kati ya saa tisa na saa kumi. Ni kweli au si kweli? Nani aliyekufundisha kulisha saa saba?

Kuanzia kesho wape alfajiri na jioni jua likiisha ukali. Saa nne asubuhi ondoa vyombo vya chakula, uwaachie maji tu, ya baridi. Watakupigia kelele. Wavumilie.

Maturubai umeyapandisha yote, na hilo pia ni kosa. Turubai la upande unaopigwa na jua literemshe, uwape kivuli. Upande wa upepo pandisha. Sasa hivi jua la mchana linalala nao sakafuni.

Na hayo makapi ya nyanya, usiyatupe. Ulikosea kuwapa mabichi yaliyolala kwenye ndoo yakachacha, ndiyo yanayowaharisha. Chukua yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo, yaanike yakiwa membamba, yageuze mpaka yalie mkononi, kisha yasage. Kopo moja kwa makopo ishirini ya chakula, usizidishe. Yana vitu vinavyousaidia mwili wa kuku kulistahimili joto. Sikuahidi miujiza, lakini nimeyaona yakisaidia, na kiwanda kitakushukuru kwa kukipunguzia lundo.

Hayo ya mama mkwe si ya idara yangu. Ila kama ningekuwa wewe ningemwambia kabla hajajionea.

Afisa Mifugo
(kufuli lilikuwa bovu, nilikuwa ndani)


Nyumbani kwa mdogo wangu
15 Februari

Sindano wangu,

Barua yako imenipa usingizi wa mchana, jambo ambalo mdogo wangu amelipigia kelele kwa sababu nilikoroma. Umenishangaza. Nilikuwa na roho juu juu nikijua wewe ni mtu wa uzi na vitambaa, kumbe una mkono wa kufuga.

Huku joto limekuwa la kukaanga watu. Mdogo wangu anajikuna ndani ya plasta kwa mwiko wa jikoni. Nasikia na huko ni hivyo hivyo. Usije ukawaonea kuku huruma ukawapunguzia chakula. Kuku aliyeshiba ana nguvu ya kupambana na jua. Saa saba, vyombo mpaka juu, kama nilivyokuambia.

Na mume wako, anakula vizuri? Anaongea? Akiwa na mimi anajibu maswali tu, siku zote yuko hivyo, utafikiri niko kaunta ya benki. Ukiona anaelekea bandani niandikie, japo najua hataelekea.

Mpe dereva trei moja ya mayai. Mdogo wangu anasema ya huku hayana ladha, lakini yeye hata maji ya huku anasema hayana ladha.

Mama


Nyumbani
18 Februari

Mama, shikamoo.

Trei hiyo, nimeifunga kwa vitambaa vilivyobaki, hata barabara ikiwa mbovu yatafika. Kuku wanakula na kushiba.

Mwanao anakula vizuri, anaongea kidogo. Juzi alifanya jambo. Nilikuwa naanika vitu vyangu fulani uani juu ya shuka kuukuu, upepo unavipeperusha, nahangaika navyo. Aliniangalia kutoka karakanani. Jioni nikakuta meza ndefu ya mabati, ina kingo pande zote, imesimama hatua ishirini kutoka bandani. Nikamuuliza, ni ya nini hii? Akasema, si niliona inahitajika. Karibu zaidi ya hapo hakusogea. Lakini kwake, Mama, hizo hatua ishirini ni mwendo.

Joto kweli limezidi. Wateja wanataka magauni yasiyo na mikono, na mmoja ameniambia nikiweza nimshonee lisilo na mgongo wala mbele.

Mkweo,
Sindano


Nyumbani kwa mdogo wangu
23 Februari

Sindano,

Leo asubuhi nimevunja yai moja kwenye kikaango. Kiini chekundu kama matofali. Nikavunja la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Mdogo wangu anayasifu, anasema hajawahi kula yai zuri hivi. Mimi nilizima jiko nikakaa.

Miaka thelathini nafuga kuku. Kiini cha yai langu nakijua kuliko uso wangu. Unawalisha nini kuku wangu? Na ukiwa umebadilisha hilo bila kuniambia, umebadilisha nini kingine? Wako wangapi leo? Usiniandikie habari za mikono ya magauni. Niandikie idadi.

Mama


Nyumbani
25 Februari

Mama, shikamoo.

Wako mia tatu na sita.

Wamekufa kumi na wanne. Kumi na mmoja walikuwa wameshakufa siku nilipokuandikia kwamba wote wazima. Nilikupiga changa la macho, na nimeishi nalo vibaya. Niliogopa ungerudi kwa basi la siku ile ile na kumwacha mama mdogo na mguu wake, na niliogopa pia utaniona nimerudia yale yale ya mwanao ya zamani. Hilo la pili ndilo lililonishikia kalamu. Nisamehe.

Nilipiga moyo konde nikamwita Afisa Mifugo. Aliwapasua. Nakuambatanishia barua yake uisome mwenyewe, mimi nikianza kueleza nitaongeza chumvi. Kwa kifupi, walikuwa wamekufa na chakula kimejaa shingoni. Kile cha saa saba, Mama. Anasema chakula kikisagwa mwilini kinaleta joto juu ya joto. Tangu siku ile nawalisha alfajiri na jioni, mchana maji tu. Turubai la upande wa jua nateremsha kwa ajili ya kivuli, la upande wa upepo napandisha.

Na hicho chekundu ni nyanya. Maganda na mbegu kutoka kiwanda cha sosi, nayakausha juu ya ile meza ya mwanao, nayasaga, nachanganya kopo moja kwa makopo ishirini. Mwanzo niliwapa mabichi yakawaharisha, hilo ni kosa langu mimi, si la mtu mwingine. Sasa wanayala makavu na siku kumi na tano zimepita hajafa hata mmoja, na joto limezidi kuliko zile siku za mwanzo. Mchana wanalala kivulini wamekaa kimya. Mayai yalikuwa yamepungua karibu nusu, yanarudi.

Afisa aliniuliza nani alinifundisha kulisha saa saba. Nilimwambia nimejitungia.

Mume wangu hajui haya ya saa saba wala ya kivuli. Anajua tu kwamba kulikuwa na vifo na sasa hakuna. Barua ya Afisa hakuisoma. Nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Mkweo,
Sindano


Nyumbani
11 Machi

Mama, shikamoo.

Wiki mbili sijapata neno. Dereva ameniapia kwamba bahasha alikupa mkononi. Anasema uliisomea pale pale barabarani, ukamwomba akupe nafasi ukae kwenye ngazi ya lori, na kwamba alidhani umepata msiba.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi, nitasoma. Kama unaumwa, mama mdogo aandike. Kuku bado mia tatu na sita. Nawahesabu kila jioni, nimekuwa kama karani.

Mwanao ananiuliza mbona Mama haandiki. Namjibu sijui. Na kwa kweli nadhani najua, lakini hilo si langu kusema.

Mkweo,
Sindano


Nyumbani kwa mdogo wangu
17 Machi

Mwanangu,

Barua hii ni yako. Mkeo hana kosa lolote, mwambie hivyo, na mwambie namshukuru. Nimeianza mara nyingi. Mdogo wangu ameniona nachana karatasi akafikiri naandika wosia.

Nakuambatanishia barua ya Afisa Mifugo. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma. Basi sasa nakuambia habari za mchana ule kama zilivyokuwa.

Kesho yake alikuwa anakuja mnunuzi na mizani, achukue nusu ya kuku kwa kilo. Wewe hukujua, baba yako alijua. Ambalo baba yako hakulijua ni kwamba saa saba nilirudi kutoka kufua, nikaingia bandani, nikajaza vyombo mpaka juu, halafu nikaongeza madebe mawili mazima. Nilitaka walale na uzito. Nilikuwa namwibia yule mtu kidogo, na nilikuwa nimejitia hamnazo hata kwangu mwenyewe. Nikafunga mlango nikarudi zamu ya mchana.

Niliporudi saa kumi nilikuta wamelala sakafuni, wamekufa. Vyombo vilikuwa bado na chakula. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla sijaita mtu, nilimwaga kile chakula nyuma ya banda, nikafukia. Sikujua kwamba chakula kinaweza kuua kuku, naapa kwa Mungu sikujua mpaka juzi pale kwenye ngazi ya lori. Lakini nilijua nimeongeza. Nilijua sitaki mtu aulize kwa nini vyombo vimejaa. Kisha nikaona maturubai mawili yako chini na wewe unakuja mbio kutoka mpirani, na nikashika hilo.

Wewe uliniambia, nakumbuka neno kwa neno, "Mama, upande wa jua nimewaachia kivuli." Nikakupiga kibao mbele ya majirani. Nilikuita mzembe. Kumbe ulifanya vile vile anavyoagiza Afisa leo, mtu aliyesomea. Ulipandisha ya upande wa upepo, ukateremsha ya upande wa jua, ulifanya kazi yako ikaisha, ndipo ukaenda kucheza. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na uliwaelewa wale kuku kuliko mimi.

Miaka yote hii nimewaambia watu ni wewe. Nilimwambia na mkeo mwezi uliopita, kwa mkono huu huu. Ningeweza kuuliza mtu wa mifugo wakati wowote. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Nilikuwa naogopa kupoteza hao kuku nikakaa kitini kusubiri kuulizwa kama nimekula. Naona sasa kwamba mtu ninayemtaka aniulize hivyo nilishamfukuza mwenyewe zamani, akiwa bado anaishi ndani ya nyumba yangu.

Sikuombi unijibu haraka. Ukiona haifai kunijibu kabisa, nitaelewa. Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe kama unaweza.

Mama


Karakanani
24 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisomea karakanani. Siku hiyo sikuwasha mashine. Mteja wa geti alikuja akakuta nimekaa juu ya ndoo, akaondoka bila kuuliza.

Sitakuficha, nina hasira. Lile shimo la kuwafukia kuku nililichimba siku mbili. Baba alitaka niwaweke mmoja mmoja na nihesabu kwa sauti asikie. Nilipofika mia moja na kitu nilipotea, akaniambia nianze upya. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulinitazama ukarudi ndani, na mimi nikafikiri ni uchungu wa kuku.

Watu hapa mtaani wanasema mimi ni fundi mwangalifu, kila kiungo ninachochomelea nakiangalia mara tatu. Si uangalifu, Mama, ni woga. Nikifunga mlango wa karakana narudi kuutikisa. Nikifika nyumbani natoka tena kwenda kuutikisa.

Kuna jambo ambalo hatujakuambia, kwa sababu mke wangu ni mtu wa kustahi. Miaka minne ananiomba tupate mtoto. Nimekuwa namwambia tusubiri kazi ikae sawa. Kazi ilikaa sawa siku nyingi. Amekwenda kupimwa peke yake akidhani labda nimegundua ana kasoro na namstahi yeye. Nami nikamwacha aende. Ukweli ni kwamba sikutaka kuachiwa kitu kinachopumua. Nilijijua mimi ni mtu wa kusahau upande mmoja na kuua.

Juzi nilimpa barua yako aisome, kisha nikamwambia hilo. Alilia kwanza. Halafu alinifokea sana, akanirushia kisanduku cha vifungo, vikatawanyika chumba kizima. Ana haki. Tukapiga magoti wote wawili kuviokota, na tulikuwa bado chini tukiongea mpaka wateja wakagonga mlango wakachoka.

Jana saa saba mchana alinishika mkono tukaingia bandani. Kuku hawakufanya lolote. Walikuwa wamelala kivulini, vyombo vimeondolewa, wengine wamefumba macho. Nilisimama pale mpaka saa kumi. Aliniletea kiti, nikakikataa, nikakikalia. Hakufa hata mmoja.

Mama mdogo anafunguliwa plasta tarehe ngapi? Nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe, si basi wala lori la simiti. Msamaha tutauzungumza njiani, ni safari ndefu na sijui utaishia wapi. Lakini kabla hatujaondoka nataka kitu kimoja. Usinililie, na usinipikie. Nataka usimame mlangoni, mama mdogo akiwepo, uniambie kwa mdomo wako kwamba siku ile nilifanya kazi vizuri. Kusoma nimeshasoma. Nataka kusikia.

Mwanao